Swali Nalo ni Silaha ya Amani: Namna Bunge la Jimbo Linavyoihoji Serikali ya Kivu ya Kusini



Kila tunapokaa pamoja na familia zilizokimbia vita, mazungumzo huanza kwa chakula na hema, kisha hufika kwenye pesa za jimbo. Watu wanajua kodi ya soko ililipwa. Wanajua barabara ilitajwa katika hotuba. Lakini barabara hawaioni, na hawajui nani ana haki ya kumwuliza Gavana. Wengi hudhani hakuna njia ila mbili: kunyamaza, au kufuata mtu mwenye bunduki anayesema atawatetea. Iko njia ya tatu, na imeandikwa katika Katiba ya nchi yetu. Njia hiyo ni swali.

Katika ukurasa huu tunaeleza namna wabunge wa jimbo wanavyoweza kuihoji Serikali ya jimbo juu ya mipango na matumizi yake, na namna familia iliyohama inavyoweza kulipeleka swali lake mpaka pale.

Kwa nini tuzungumzie jambo hili wakati wa vita?

Tunajua hali ilivyo. Februari 2025 kundi la AFC/M23 liliingia Bukavu, na viongozi wa Serikali ya jimbo wakahamia Uvira. Desemba 2025 vita vilifika Uvira nako. Mwenye kusoma haya anaweza kusema: Bunge gani, Gavana gani, wakati mimi nalala chini ya turubai?

Tunajibu hivi. Katiba tunayoizungumzia ilizaliwa katika hali kama hii. Baada ya vita vya 1996 na 1998, Wakongomani walikaa, wakabishana, wakaipigia kura Katiba, nayo ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Sababu moja ya kuyapa majimbo nguvu zake ilikuwa kuwapa watu wa mbali na Kinshasa mahali pa kuuliza bila kushika silaha. Mahali hapo pakifungwa, kunung'unika hakukomi, bali huhamia msituni.

Jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini na wa Ituri waliliona hilo. Mwezi Mei 2021 majimbo hayo mawili yaliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Magavana wanajeshi waliwekwa, na mabunge ya majimbo yakasimamishwa kazi. Kivu ya Kusini haikuingizwa katika mpango ule. Raia wa Goma na wa Bunia walibaki bila mbunge wa jimbo wa kumwita mtawala ajieleze. Hata mtu aliyependa mpango ule wa kijeshi aliona pengo hilo.

Nani anamwajibisha nani?

Tuanze na mpangilio wenyewe. Raia humchagua mbunge wa jimbo kwa kura ya siri, kwa muda wa miaka mitano. Wabunge wachache, wasiozidi sehemu moja ya kumi, huingia kwa njia ya kuteuliwa. Wabunge hao wa jimbo ndio wanaomchagua Gavana na Makamu wake. Gavana naye huchagua mawaziri wa jimbo, wasiozidi kumi. Kabla ya kuanza kazi, huleta programu yake Bungeni, na wabunge huikubali au huikataa.

Maana yake ni hii: Gavana hakujiweka mwenyewe. Amepewa kazi na wabunge, na wabunge wamepewa kazi na raia. Kifungu cha 197 cha Katiba kinasema wazi kwamba Bunge la jimbo linatunga sheria za jimbo, zile zinazoitwa edikti, na tena linaichunguza Serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mahali. Kuuliza ni nusu ya kazi aliyotumwa mbunge. Asiyeuliza hajafanya kazi yake yote.

Mbunge analindwa pia katika kazi hiyo. Haruhusiwi kushitakiwa wala kufungwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema au kura aliyoipiga akiwa kazini mwake. Ulinzi huo aliwekewa ili aulize bila woga, kwa hiyo ni ulinzi wa mpiga kura vilevile.

Tukumbuke jambo lingine. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa Oktoba 2006 walitakiwa kukaa miaka mitano. Uchaguzi wa majimbo haukufanyika tena mpaka Desemba 2018. Watu walipiga kura mara moja katika miaka kumi na miwili. Kisha wakapiga tena Desemba 2023. Kura ikichelewa hivyo, kitu kinachobaki mkononi mwa raia kati ya kura na kura ni swali.

Swali lipi la jimbo, na lipi la Kinshasa?

Mara nyingi watu huuliza swali zuri mlango usio wake, kisha hukata tamaa. Katiba imegawa kazi. Jeshi, mipaka ya nchi na mambo ya nchi za nje ni kazi ya Kinshasa. Kama swali lako ni kwa nini kikosi fulani cha jeshi kiliondoka kijijini, mpelekee mbunge wa taifa au seneta.

Bunge la jimbo laweza kuulizwa juu ya barabara za jimbo na zile za kuhudumia mashamba, masoko, kodi za jimbo, kilimo, kazi za umma za jimbo, shule za msingi na za sekondari kufuatana na kanuni za taifa, na kuwapanga waganga katika vituo vya afya. Barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu kushuka Uvira, iko chini ya Kinshasa. Njia ya kutoka kijijini kwako mpaka kwenye barabara ile, mara nyingi ni ya jimbo au ya mahali.

Chini ya jimbo kuna mji, komini, sekta na maeneo ya mwami. Huko nako kuna bajeti na viongozi wanaopaswa kujieleza. Bukavu ina komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Jimbo lina wilaya nane: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Kabla ya kuandika swali, jiulizeni kwanza: jambo hili liko mkononi mwa nani?

Njia tano za kuuliza

Sheria inawapa wabunge wa jimbo njia tano za kupata habari na kuchunguza. Tunazieleza moja moja.

*Swali la kusema au la kuandika.* Mbunge humwuliza Gavana au waziri wa jimbo juu ya jambo fulani. Huweza kuwa na mjadala au bila mjadala, lakini kura haipigwi. Lengo ni kupata habari. Swali la kuandika lina faida moja kubwa: jibu lake nalo ni karatasi, na karatasi haisahau.

*Swali la jambo la wakati huu.* Hili ni la haraka, juu ya jambo lililotokea sasa: daraja limebomoka, kipindupindu kimeingia kambini, soko limeungua.

*Kuitwa kujieleza.* Hapa mbunge hatafuti habari tu. Anamtaka Gavana au waziri asimame mbele ya Bunge lote na kutoa sababu za alilolifanya au alilolikosa. Majibu yasipotosheleza, jambo laweza kuendelea mbele.

*Tume ya uchunguzi.* Bunge huchagua wabunge wachache waende mahali penyewe, waone kwa macho, wasikilize watu, wasome vitabu vya hesabu, kisha walete taarifa. Wahamiaji wanaweza kuwa mashahidi mbele ya tume kama hiyo.

*Kusikilizwa na kamati.* Bunge lina kamati zake, na iko inayoshughulika na fedha. Kamati humwita waziri au mkuu wa huduma na kumhoji katika chumba kidogo, bila hotuba ndefu. Mara nyingi habari nyingi hupatikana hapa, kwa sababu hakuna anayecheza mbele ya watu.

Bunge hukutana kwa vikao viwili vya kawaida kila mwaka. Cha kwanza hufunguliwa mwisho wa Machi, cha pili mwisho wa Septemba. Kile cha Septemba ndicho kikao cha bajeti. Anayetaka swali lake la pesa liwe na uzito alitayarishe kabla ya hapo. Kati ya vikao kuna likizo ya bunge, na desturi ni mbunge aende kwa watu waliomchagua, awasikilize, kisha alete taarifa.

Kumwondoa Gavana: nguvu kubwa, matunda machache

Juu ya maswali kuna hoja ya kuondoa. Ziko mbili. Ya kwanza inalenga Serikali nzima ya jimbo, na lazima itiwe sahihi na robo ya wabunge. Ya pili inalenga waziri mmoja, na inatosha sehemu moja ya kumi. Katika Bunge la wabunge 48, kama lile lililotokana na uchaguzi wa 2018, hiyo ni sahihi 12 kwa Serikali nzima na sahihi 5 kwa mtu mmoja. Mjadala na kura haviwezi kufanyika kabla ya saa 48 kupita tangu hoja kuletwa, ili watu wasipige kura kwa hasira. Na ili hoja ipite, lazima ipate zaidi ya nusu ya wabunge wote, siyo ya waliofika tu: katika wabunge 48, kura 25. Ikishindwa, waliotia sahihi hawawezi kuleta nyingine katika kikao kilekile.

Jimbo letu limeijua nguvu hii mapema. Gavana wa kwanza aliyechaguliwa na wabunge chini ya Katiba mpya, Célestin Cibalonza, aliingia kazini mwaka 2007 na aliondoka kabla ya mwaka ule kwisha, baada ya mvutano na Bunge. Louis Léonce Muderhwa alimfuata, naye akaacha kazi mwaka 2010. Mwaka uleule wabunge wakamchagua Marcellin Cishambo. Magavana watatu katika muda usiofika miaka minne. Miaka mingi baadaye, Desemba 2021, wabunge walipiga kura ya kumwondoa Gavana Théo Ngwabidje Kasi. Yeye aliipinga kura ile, shauri likafika kwenye Mahakama ya Katiba, na mwaka 2022 akarudi kwenye kiti chake.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Kenya ilipoanza serikali za kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010, Gavana Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kupigiwa kura ya kuondolewa, mwanzoni mwa 2014, na mahakama ikamrudisha mwaka huohuo. Huko Kenya kura ya theluthi mbili ya bunge la kaunti haimalizi jambo. Kesi lazima iende kwa Seneti huko Nairobi, isikilizwe tena. Wameweka mlango wa pili ili hoja isiwe chombo cha ugomvi wa watu wachache.

Tunataka kusema nini? Hatusemi hoja ya kuondoa ni mbaya. Bila hiyo, Gavana angeweza kucheka maswali yote. Lakini tujiulize kwa kweli: kila Gavana alipoanguka, je, mama wa Shabunda alipata njia ya kufikisha mpunga wake sokoni? Hoja ya kuondoa humgusa mtu. Swali la bajeti huigusa pesa. Na hoja ikitajwa kila mwezi, watu huanza kushuku kwamba sahihi zinauzwa na kununuliwa, na heshima ya Bunge hushuka. Swali dogo, lililo wazi, linaloandikwa na kurudiwa mpaka lijibiwe, hufanya kazi ambayo kelele haifanyi.

Pesa za jimbo hutoka wapi?

Ili kuuliza vema, ni lazima kujua hesabu kidogo. Tuichukue kama mama anayepanga pesa za nyumba. Anajua zinazotarajiwa kuingia, anajua zilizoingia kweli, na anajua zilizotoka. Bajeti ya jimbo nayo ni hivyo.

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yapate sehemu ya 40 kwa 100 ya mapato ya taifa, na pesa hizo zikatwe palepale zinapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji, komini, sekta na maeneo ya mwami inasema hao nao wapate 40 kwa 100 ya fungu lile la jimbo. Tufanye hesabu: katika franga 100, franga 40 ni za jimbo. Katika hizo 40, franga 16 zinashuka mpaka komini na vijijini, na 24 zinabaki kwa Serikali ya jimbo.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Katika matendo, pesa zimekuwa zikienda kwanza Kinshasa, kisha zikirudishwa kidogo na kwa kuchelewa. Ndiyo sababu jibu ambalo wabunge hulisikia sana ni kwamba Kinshasa haijatuma. Jibu hilo laweza kuwa kweli. Lakini halifungi mazungumzo. Mbunge aweza kuendelea: Mwaka huu mlipokea kiasi gani kutoka Kinshasa, na tarehe gani? Katika kiasi hicho, komini na maeneo ya mwami walipewa ngapi? Na zile kodi ambazo jimbo linakusanya lenyewe, zilifika ngapi?

Kuna pia pesa za madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa 100 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au eneo la mwami ambapo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Watu wa Mwenga na wa Shabunda wana haki ya kuuliza yale mafungu 25 na 15 yaliingia katika kitabu gani.

Tena, karatasi za kuomba ni tatu. Ya kwanza ni edikti ya bajeti: inasema pesa zilizopangwa. Ya pili ni taarifa ya utekelezaji: inasema zilizotoka mpaka sasa. Ya tatu ni edikti ya kufunga hesabu za mwaka uliopita. Ukiiona ya kwanza bila ya tatu, umeona ahadi tu.

Swali baya na swali zuri

Tutoe mfano. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yaliharibu Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na familia nyingi zilibaki bila nyumba wala shamba. Tuseme familia hizo zinataka kuuliza.

Swali baya lingekuwa: Kwa nini viongozi wanakula pesa zetu? Gavana atajibu kwamba hakuna aliyekula, na jambo limekwisha. Swali hilo halina tarehe, halina kiasi, halina mahali. Tena linamshitaki mtu kabla ya kumsikiliza.

Swali zuri lingekuwa na vipande:

- Je, bajeti ya jimbo iliweka fungu kwa ajili ya waliopatwa na mafuriko ya Kalehe? Liko katika mstari gani, na ni kiasi gani?
- Katika kiasi hicho, ni ngapi zilizotoka, na tarehe gani?
- Nani alipewa kazi ya kutafuta mahali pa kuwahamishia watu, na mahali hapo ni wapi?
- Kazi itakwisha lini, na nani ataipokea kwa niaba ya wakaaji?

Swali la namna hii ni gumu kulikwepa. Kila kipande kinahitaji tarakimu, tarehe, au jina la ofisi. Na likijibiwa nusu, wote wanaona nusu iliyobaki.

Jambo moja zaidi, na kwetu ni kubwa. Swali zuri halitaji kabila. Katika jimbo letu, ambapo jirani amemwogopa jirani kwa miaka mingi, ni rahisi kuuliza kwa nini watu wale wamepewa na sisi hatukupewa. Swali hilo huwasha moto. Bora kuuliza: Orodha ya vijiji vilivyosaidiwa ilitengenezwa na nani, na kwa kipimo gani? Ukikijua kipimo, utaona kama kuna upendeleo. Na yule jirani naye atafaidika na jibu hilo.

Familia iliyohama ifanye nini?

Kuhama hakumwondolei mtu haki zake za raia. Mbunge uliyempigia kura Walungu bado ni mbunge wako ukiwa Uvira, Baraka au mahali pengine. Pengine naye amehama kama wewe. Haya ndiyo tunayoyapendekeza kwa kamati.

*Andikeni mnayoyaona.* Daftari moja linatosha. Tarehe, mahali, jambo: kodi iliyolipwa, msaada uliotangazwa, msaada uliofika. Msiandike uvumi. Wekeni risiti za kodi hata kama soko lenyewe limefungwa.

*Chagueni swali moja.* Kamati ikileta malalamiko ishirini, mbunge atachukua lililo rahisi. Leteni moja, lililopimwa. Wanawake na vijana wawe katika uchaguzi huo, maana mama ndiye anayejua maji yanachotwa wapi na kwa bei gani.

*Tumieni haki ya kuandika ombi.* Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kuandika ombi. Kwa hiyo hata mbunge akiwa mbali, kamati ya wahamiaji yaweza kumwandikia Gavana moja kwa moja, na nakala ikapelekwa kwa Spika wa Bunge la jimbo. Wekeni nakala yenu, na andikeni siku mliyoipeleka, ili mhesabu miezi mitatu.

*Mpeni mbunge swali lililokwisha kuandikwa.* Wabunge wengi hawana wasaidizi. Karatasi moja iliyo safi, yenye vipande vitatu au vinne, ina nafasi kubwa ya kusomwa Bungeni kuliko mkutano wa saa nne.

*Fuateni jibu.* Jibu likitolewa, lisomeni kambini kwa lugha ambayo wote wanaisikia. Likiwa zuri, semeni hivyo hadharani. Kiongozi anayejibu vema anahitaji kutiwa moyo, naye akiona kwamba ukweli unaheshimiwa, atajibu tena.

Na hapa tunaomba busara. Mahali ambapo bunduki ziko karibu, usalama wa mtu hupita karatasi. Sheria inakataza kumwadhibu aliyeandika ombi, lakini sheria haiko kila njia panda. Msitembee na orodha ya majina katika barabara zenye vizuizi. Msiandike jina la shahidi anayeweza kudhurika. Ombi laweza kutiwa sahihi na viongozi wachache walio mahali salama kwa niaba ya wengi. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, hifadhini habari. Siku itafika ambapo tume itauliza nini kilitokea, na mwenye daftari atakuwa na neno.

Neno la mwisho

Waswahili husema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nasi tunaongeza kwamba raia asiyeuliza hutawaliwa kwa kukisia. Anayekisia huamini la mtu wa kwanza anayemwambia kwamba fungu lake limeibiwa na jirani.

Vita vinaweza kuhamisha Gavana, wabunge na raia wote pamoja. Siku watu watakaporudi Kabare, Kalehe, Mwenga na Bukavu, patakuwa na shule za kujenga, na patakuwa na pesa za kuzijenga, kidogo au nyingi. Tukianza leo kuzoea kuuliza kwa adabu, kwa tarehe na kwa tarakimu, pesa hizo hazitaingia gizani. Viongozi wa kamati, tunawaomba katika mkutano wenu ujao mtenge saa moja kwa jambo hili: chagueni swali moja, liandikeni, na mteue atakayelipeleka.